Madaftari ya wafanyabiashara wa Afrika ya Mashariki

Madaftari ya wafanyabiashara ni vitabu vya hesabu ambamo wenye maduka na wakopeshaji wa Afrika ya Mashariki waliandika mauzo, malipo na madeni yao, hasa katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mengi yaliandikwa kwa Kigujarati na wafanyabiashara wenye asili ya Uhindi.

Mkopo wa misafara

Biashara ya pembe za ndovu kutoka bara hadi Zanzibar ilitegemea mkopo, na vilevile biashara ya watumwa. Mkuu wa msafara alichukua vitambaa, shanga na waya wa shaba bila kulipa papo hapo, na deni likaandikwa. Aliporudi, pengine baada ya miaka kadhaa, alilipa kwa pembe zilizopimwa kwa frasila (takriban kilogramu 16). Njiani, huko Ugogo, alitoa hongo ya vitambaa kwa watemi ili apite na kupata maji. Hiyo nayo ilikuwa gharama ya safari.

Kati ya wakopeshaji wakubwa alikuwemo Tharia Topan, aliyemkopesha Tippu Tip. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi.

Kitambaa cha "merikani" kilipata jina lake kutoka Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Zanzibar na kununua pembe na sandarusi. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sultani Said ulitiwa saini mwaka 1833.

Namna ya kuandika

Mfanyabiashara Mgujarati alikuwa na daftari la siku (rojmel), lenye fedha zilizoingia na kutoka, na daftari kuu (khatavahi), ambamo kila mteja alikuwa na ukurasa wake. Mteja akichukua chumvi kwa mkopo, deni liliandikwa upande mmoja. Akileta ngozi au nafaka, thamani yake iliandikwa upande wa pili. Tofauti ya pande hizo mbili ndiyo deni lililobaki. Madaftari mapya yalifunguliwa wakati wa Diwali.

Hatari ilikuwa kwamba daftari lilikaa kwa mkopeshaji. Mteja asiyejua kusoma maandishi yake hakuweza kuhakiki deni.

Wakati wa ukoloni

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na maduka yakaenea kando yake. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilianzisha kodi ya faida na kudai hesabu ziandikwe kwa lugha ambazo maofisa wake waliweza kuzisoma. Wafanyabiashara Wahindi walifunga maduka kwa majuma kadhaa kupinga.

Mwaka huohuo sheria nyingine ilizuia kudai mahakamani deni la Mwafrika lisiloidhinishwa na ofisa wa serikali. Ilielezwa kuwa kinga dhidi ya madeni, lakini pia ilimnyima mfanyabiashara Mwafrika mkopo wa kukuza duka lake.

Umuhimu wake

Kwa wanahistoria, madaftari huonyesha bei, bidhaa na mahusiano ambayo ripoti za serikali hazikuyaandika. Hata hivyo huonyesha mambo kwa jicho la mdai. Desturi yenyewe haijaisha: katika maduka ya mitaani, kama yale ya Makole jijini Dodoma, daftari la madeni bado ni kitu cha kawaida.