Kwa Nini Mbegu ya Jogoo Haikai Kama ya Fahali

Mkulima mwenzangu, ng'ombe wako anapotaka fahali humwita bwana wa A.I. Naye hufika na mtungi wake wa baridi, akatoa mbegu ya fahali ambaye hujapata kumwona. Kituo cha kukusanya mbegu za mafahali kilianzishwa Kabete mwaka 1946, na faida yake waijua.

Mkulima mmoja wa hapa Moi's Bridge alifika ofisini kwetu na huzuni. Alikuwa ameatamisha mayai 30, akangoja siku 21, na karibu yote yakawa viza. Jogoo mzuri alikuwa kwa jirani, upande wa pili wa skimu. Akaniuliza: "Karani, mbona mbegu ya jogoo hailetwi kwa mtungi?" Swali lake ni zuri, nami nalijibu hapa ili wote msome.

Ajabu ni kwamba jogoo ndiye aliyetangulia. Mwaka 1949 mtaalamu wa Uingereza, Polge, na wenzake waligandisha mbegu ya jogoo iliyotiwa gliserini, wakaona ikiwa hai tena ilipoyeyushwa. Lakini gliserini hiyo isipoondolewa kwanza, tetea hutaga mayai yasiyo na mbegu. Kwa hiyo mara nyingi mbegu ya jogoo huwekwa penye baridi tu, yapata digrii 5 za Sentigredi, bila kugandishwa. Hata hivyo, baada ya siku moja hivi nguvu yake hupungua sana.

Kwa nini haidumu? Ngozi ya kila chembe ya mbegu ina mafuta laini mengi. Nawe wajua mafuta yakiachwa wazi siku nyingi: hewa huyaharibu, yakatoa harufu kali. Mbegu nayo huharibiwa na hewa vivyo hivyo, ingawa baridi hupunguza mwendo wa uharibifu huo. Ngozi ikiharibika, chembe haiwezi kuogelea wala kulifikia yai.

Dawa yake wataalamu wameitafuta katika mimea. Mimea mingi ina vitu vinavyoyalinda mafuta yasiharibiwe na hewa, huitwa antioksidanti. Vitamini E ni kimojawapo. Katika maabara wamejaribu pia dawa iliyotolewa katika majani ya chai na ya mlonge, wakiitia katika maji ya kuzimulia mbegu kabla ya kuiweka penye baridi. Kipimo kikiwa sawa, chembe nyingi zaidi hubaki hai. Kipimo kikizidi, dawa hiyo huziua. Basi usijaribu kazi hii nyumbani kwa birika lako la chai!

Wewe wafaa kufanya haya:

1. Mtunze jogoo mwenyewe. Vitamini E anayoila huingia katika mbegu yake. Mpe majani mabichi kila siku, kama sukuma wiki au mchicha, na usimpe kamwe mahindi yenye ukungu.

2. Weka jogoo mmoja kwa matetea 10 hivi.

3. Mtu akikuletea mbegu ya jogoo katika chupa, muulize ilikamuliwa saa ngapi, imetiwa nini, na imewekwaje. Mbegu tupu isiyozimuliwa yapasa kutumiwa kabla ya saa moja kupita. Asipoweza kukujibu, usitoe fedha zako.

4. Ukiweza, azima jogoo wa jirani. Lakini kwanza hakikisha amechanjwa kideri, kisha umtenge wiki mbili. Mwondoe jogoo wako wa zamani, kwa kuwa tetea huhifadhi mbegu mwilini mwake, naye aweza kutaga mayai yenye mbegu ya jogoo aliyeondoka kwa wiki mbili au zaidi. Ngoja wiki tatu ndipo ukusanye mayai ya kuatamisha.

Siku ya 7 ya kuatamia, pima kila yai gizani kwa tochi. Lisiloonyesha mishipa ya damu liondoe. Hivyo hutangoja siku 21 bure.