Tarakimu Sitini za LUKU: Mzigo wa Programu na Bega la Mtumiaji

Katika karne ya kumi na tisa njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe ilipo Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Wengi wa wapagazi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa mpagazi mmoja kwa kawaida ulikuwa wa kilo 30 hadi 35, yaani frasila mbili hivi. Vitambaa, shanga na nyaya zilizopelekwa bara zilifungwa kwa kipimo hicho kabla ya safari kuanza. Mfungaji hakuuliza tu bidhaa ni kiasi gani. Ilimpasa kuuliza pia bega la mtu litachukua kiasi gani, na kwa siku ngapi. Mzigo uliofungwa vibaya haukumwumiza aliyeufunga, bali aliyeubeba.

Kanuni hiyo ya misafara aghalabu husahauliwa na watengenezaji wa programu za kompyuta. Mkazi wa Choma cha Nkola, katika Wilaya ya Igunga, kaskazini mashariki ya mji wa Tabora, hutumia programu hata kama hana kompyuta nyumbani: anapotuma fedha kwa simu, anapojaza maombi ya mwanawe katika tovuti, au anapoingiza umeme katika mita. Katika kila kazi ya namna hiyo kuna mzigo wa kukumbuka, kunakili, kungoja na kusahihisha, na mtu fulani hana budi kuubeba. Mfano ulio bora wa jambo hili uliwafikia wateja wa umeme wa Tanzania katika mwaka 2024.

Lililotokea mwaka 2024

Mita za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, zilianza kutumika nchini katika miaka ya 1990. Mteja hulipa kwanza, hupewa namba yenye tarakimu 20 iitwayo tokeni, kisha huibonyeza kwenye mita au kwenye kile kifaa cha vitufe ambacho watu wengi hukiita rimoti. Mita ikiikubali namba hiyo, uniti huongezeka.

Katika mwaka 2024 Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, liliwatangazia wateja kwamba mita zote zilipaswa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Mteja aliponunua umeme kwa mara ya kwanza katika kipindi hicho alipokea makundi matatu ya tarakimu 20, yaani tarakimu 60, na ilimlazimu kuyaingiza kwa mpangilio wake: la kwanza, la pili, kisha la tatu ambalo ndilo lililokuwa na umeme. Mita isiyoboreshwa ingekataa tokeni za umeme zitakazotolewa baada ya siku hiyo. Kwa nyumba yenye jokofu, duka au mashine ya kusaga, hilo halikuwa jambo dogo.

Wengi walijiuliza kwa nini mteja mwenyewe afanyishwe kazi hiyo, na kwa nini siku hiyo hasa. Jibu lake limo ndani ya tokeni yenyewe.

Ndani ya tarakimu ishirini

Utaratibu unaofuatwa na mita za namna hii ulibuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baadaye ukawa kipimo cha kimataifa kinachotumiwa katika nchi nyingi. Mita haikuunganishwa na ofisi kwa waya wa mawasiliano wala kwa redio. Habari zote zinazotoka ofisini huletwa na mteja kwa kidole chake. Kwa hiyo mteja ndiye mpagazi, na tokeni ndiyo mzigo.

Kompyuta huandika habari kwa kutumia 0 na 1 tu, na kila nafasi moja ya 0 au 1 huitwa biti. Tokeni moja ina biti 66. Biti 2 huonyesha aina ya tokeni. Zinazobaki ni 64, nazo hugawanywa hivi: biti 4 za kueleza huduma inayotolewa, 4 za kutofautisha tokeni zilizotengenezwa katika dakika moja, 24 za wakati tokeni ilipotengenezwa, 16 za kiasi cha umeme, na 16 za kuhakiki kwamba namba haikukosewa. Biti hizo 64 husitiriwa kwa ufunguo wa siri ambao mita inao, ili mtu asiweze kujitungia tokeni yake.

Usitiri huo ndio unaoeleza kero moja iliyozoeleka. Mteja akikosea tarakimu moja tu kati ya 20, mita hukataa tokeni nzima wala haionyeshi kosa liko wapi. Tokeni inaposomwa kwa ufunguo, kosa dogo huvuruga namba yote, kama vile maziwa yanavyogeuka kwa tone moja la ndimu. Mita hujua kwamba namba si sahihi. Mahali pa kosa haipajui.

Hesabu ya dakika

Kiini cha tatizo la mwaka 2024 ni zile biti 24 za wakati. Mita hukumbuka tokeni za karibuni zilizoingizwa, na hukataa tokeni iliyokwisha kutumika au iliyo ya zamani mno. Isingefanya hivyo, mtu angenunua umeme mara moja na kuiingiza namba ile ile kila siku. Ili kutambua upya wa tokeni, wabunifu waliamua kuhesabu dakika tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1993.

Biti 24 zinaweza kuandika namba 16,777,216 tofauti, kuanzia sifuri. Dakika 16,777,216 ni sawa na siku 11,650, saa 20 na dakika 16, yaani karibu miaka 31.9. Mwanafunzi akihesabu siku hizo kuanzia mwanzo wa mwaka 1993 atafika tarehe 24 Novemba 2024. Siku hiyo hesabu ilijaa, kama kibaba kinavyojaa, na baada yake ingerudi kwenye sifuri. Tokeni mpya ingeonekana mbele ya mita kama iliyotengenezwa miaka thelathini na zaidi iliyopita, nayo ingekataliwa.

Dawa yake ilikuwa kuipa mita ufunguo mpya pamoja na mwanzo mpya wa hesabu, na kufuta kumbukumbu ya tokeni za zamani. Lakini ufunguo wenyewe una biti 64, na tokeni moja haiwezi kuubeba mzima pamoja na maelezo yake mengine. Ukagawanywa nusu mbili za biti 32. Nusu ya kwanza ikawa kundi la kwanza la tarakimu 20, nusu ya pili ikawa kundi la pili, na umeme wenyewe ukawa kundi la tatu. Hivyo ndivyo zilivyopatikana tarakimu 60.

Je, wabunifu walikosea?

Ni rahisi kuwalaumu wabunifu kwa kutenga biti 24 tu. Hata hivyo, haki haina budi kutendeka kwao pia. Biti 66 zinaweza kuandika namba tofauti zipatazo 74 zikifuatwa na sifuri 18. Tarakimu 20 zinaweza kuandika namba 100 ikifuatwa na sifuri 18. Kwa hiyo biti 66 zinaenea ndani ya tarakimu 20. Biti moja tu ikiongezwa, idadi huwa karibu 148 ikifuatwa na sifuri 18, na tarakimu 20 hazitoshi tena. Kila mteja, katika kila ununuzi, angebonyeza tarakimu 21.

Kwa maneno mengine, wabunifu waliujaza mzigo hadi mwisho wa uwezo wa frasila zake bila kuzidisha hata kidogo. Walimpunguzia mteja kazi ya kila mwezi, na deni lake likalipwa kwa siku moja, miaka 31 baadaye. Ubunifu wa programu kwa kawaida ni uchaguzi wa namna hii kati ya raha ya leo na taabu ya kesho. Linalopasa kulaumiwa ni kumficha mtumiaji uchaguzi huo, au kutomwandaa kwa siku ya malipo. Mita zilizohamishiwa kwenye mwanzo mpya wa hesabu, yaani tarehe 1 Januari 2014, zitajaa tena Novemba 2045. Wengi wanaosoma kidato cha kwanza hivi sasa watakuwa watu wazima wenye nyumba zao.

Kidole, jicho na kumbukumbu

Kunakili tarakimu 60 ni kazi ngumu kwa sababu zinazojulikana kisayansi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alionyesha kwamba kumbukumbu ya muda mfupi huchukua vitu saba hivi kwa wakati mmoja. Utafiti wa baadaye, hasa wa Nelson Cowan mwaka 2001, ulikisia vitu vinne tu. Ndiyo sababu tokeni husomeka vyema ikiandikwa kwa mafungu ya tarakimu nne nne. Jicho husoma fungu moja kwenye simu, akili hulishika, kidole hulibonyeza, kisha jicho hurudi kuchukua jingine.

Hesabu ya makosa nayo inafundisha. Ichukuliwe kwamba mtu hubonyeza kila tarakimu kwa usahihi mara 99 kati ya 100. Uwezekano wa kumaliza tarakimu 20 bila kosa ni 0.99 kwa kipeo cha 20, yaani karibu 0.82. Kwa tarakimu 60 ni karibu 0.55. Mtu huyo mwangalifu angeshindwa karibu mara moja katika kila majaribio mawili! Bahati njema ni kwamba mita hukagua kila kundi peke yake, hivyo aliyekosea katika kundi la tatu halazimiki kuanza tena kundi la kwanza. Msafara nao ulikuwa na vituo. Hakuna aliyerudishwa Bagamoyo kwa kuanguka karibu na Tabora.

Mzigo huo huo katika tovuti

Kero za tovuti nyingi hutokana na kupuuza mambo haya haya. Fomu ndefu ya maombi ikifutika yote kwa sababu ya kosa moja katika ukurasa wa mwisho, maana yake ni kwamba haina vituo. Tovuti isiyoonyesha dalili yoyote baada ya kitufe kubonyezwa humfanya mtu abonyeze tena, na pengine alipe mara mbili. Tangu mwaka 1968 Robert Miller alikwisha kueleza kwamba mtu akingoja kwa zaidi ya sekunde kumi hivi, mawazo yake hukatika.

Uzito wa kurasa nao umeongezeka. Kwa vipimo vya mradi uitwao HTTP Archive, ukurasa wa wastani wa tovuti ulikuwa chini ya kilobaiti 500 mwaka 2010. Kufikia mwaka 2022 ulizidi megabaiti 2, yaani zaidi ya mara nne. Aliye mjini penye mtandao wa kasi haoni tofauti. Anayenunua bando dogo, mahali ambapo mtandao ni hafifu, huibeba tofauti hiyo kwa fedha na kwa muda wake.

Tena kuna suala la saa. Mswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo. Tovuti huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mwisho wa maombi ukiandikwa 23:59, maana yake ni saa 5:59 usiku. Ukiandikwa saa sifuri ya tarehe 15, siku ya mwisho ya kazi ni tarehe 14, kwa kuwa saa sifuri ndiyo mwanzo wa tarehe 15 wala si mwisho wake. Mwanafunzi asiyelijua hilo huweza kukosa nafasi yake kwa siku nzima.

Nani abebe?

Larry Tesler, mtaalamu wa Marekani aliyefanya kazi Xerox na Apple, alieleza kwamba kila mfumo una kiasi fulani cha ugumu kisichoweza kuondolewa. Linaloweza kuamuliwa ni nani atakayekabiliana nacho. Mhandisi mmoja akifanya kazi wiki moja zaidi, huenda akawaokolea dakika moja watumiaji milioni moja. Dakika hizo zikijumlishwa ni karibu miaka miwili ya maisha ya watu.

Jaribio la darasani

Jambo hili linaweza kuchunguzwa bila kompyuta wala umeme. Mwalimu aandike ubaoni namba kumi zenye tarakimu 20 bila kuziachanisha, na nyingine kumi zilizogawanywa nne nne. Wanafunzi wazinakili huku karatasi zao zikiwa zimeelekezwa upande wa pili wa ubao, ili iwabidi kugeuka kila mara. Makosa yahesabiwe kwa kila aina, na muda upimwe kwa saa ya mkononi. Kisha wakokotoe, kwa kiwango cha makosa kilichopatikana, uwezekano wa kunakili tarakimu 60 bila kukosea. Mwanafunzi atakayekuja kutunga programu siku moja atakuwa amekwisha kujua uzito wa mzigo kwa kuubeba mwenyewe.