Mbaazi kwa Mahamri, na Chungwa Kando

Nyumba nyingi huku kwetu Pwani, futari haikamiliki bila jagi la juisi ya machungwa au ndimu. Ukiuliza faida yake utaambiwa ina vitamini C. Ni kweli. Lakini nikitazama tunavyoitengeneza na wakati tunaoinywa, naona faida yake kubwa inatupita.

Glasi moja ya machungwa yaliyokamuliwa ina takriban miligramu 100 za vitamini C. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate 45 kwa siku. Glasi ya pili basi haina haja, kwani ziada hutoka na mkojo. Sukari ndiyo inayobaki. Glasi hiyo, kabla hujatia chochote, ina sukari yake ya asili kama vijiko vinne vya chai. Sisi twaongeza kikombe kizima kwenye jagi, na mezani pana tende na kaimati, na pengine mzee wa nyumba ana kisukari. Afadhali amenye chungwa ale, maana zile nyuzinyuzi tunazozichuja na kuzitupa ndizo hufanya sukari iingie kwenye damu polepole.

Faida ninayoisema mimi ni ya damu. Mbaazi, kunde na mchicha vina madini ya chuma, lakini chuma cha mimea hunyonywa na mwili kwa shida. Vitamini C ikiwa tumboni wakati huo huo, hukibadilisha kikawa katika hali ambayo utumbo huipokea kwa wepesi. Sasa angalia chamshakinywa chetu: mbaazi kwa mahamri, na kikombe cha chai. Chai hufanya kinyume chake, hukishika kile chuma kisinyonywe. Mama mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba damu ni chache, na ale mbaazi zake na chungwa kando, chai aiache kwa muda wa saa moja hivi. Na vile vidonge vya kuongeza damu avimeze kwa maji au juisi, si kwa chai.

Ndimu nayo ikamulie mezani, chakula kikishaiva. Ukiitia sufuriani ikachemka, ladha itabaki lakini vitamini nyingi itakuwa imepotea kwa moto.

Balungi na danzi nayaweka kando kwa wanaomeza dawa za presha kama nifedipine, au za kupunguza mafuta kwenye damu kama simvastatin. Matunda haya huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachoivunja dawa, kwa hivyo kidonge kile kile kimoja huingia kwenye damu kwa wingi kuliko alivyokusudia daktari. Kunywa juisi asubuhi na dawa jioni hakusaidii, maana athari yake yaweza kuzidi siku nzima. Muulize mfamasia kuhusu dawa yako kwa jina. Chungwa tamu la kawaida halina tatizo hilo.