Kinga Rangi ya Gari Isibanduliwe na Mawe

Mkulima mwenye pikapu ajua kwamba katika barabara ya changarawe magurudumu hurusha vijiwe. Kijiwe kikigonga rangi huibandua. Maji hufika kwenye bati, na kutu huanza kula.

Siku hizi kuna plastiki nyororo, angavu, yenye gundi, ambayo hubandikwa juu ya rangi. Unene wake ni kama sehemu ya tano ya milimita. Kijiwe kikiigonga, hubonyea kidogo na kurudi, na rangi iliyo chini haiumii.

Plastiki hii ni ghali, basi si lazima kufunika gari zima. Anza na ukingo wa mbele wa boneti, na bati lililo nyuma ya magurudumu.

Fanya hivi:

1. Palipo kutu, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae. Paka rangi, uiache ikauke kabisa. Plastiki haiponyi kutu, huificha tu.

2. Osha gari, usiache vumbi.

3. Nyunyiza maji ya sabuni, bandika plastiki, kisha sukuma maji na hewa nje kwa kipande cha mpira.

Tena, usilifuate gari la mbele karibu mno.