Msimu wa Kutungwa Mimba na Afya ya Mtoto

Kadi ya kliniki huonyesha tarehe mtoto alipozaliwa. Ni nadra mtu kuuliza mimba yake ilitungwa msimu gani. Swali hilo lina uzito wake Bagamoyo na pwani yote ielekeayo Saadani, ambako masika hunyesha Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Mtoto ambaye mimba yake ilitungwa Aprili, mashamba ya mpunga ya bonde la Ruvu yakiwa yamejaa maji, huzaliwa Januari, jua likiwaka. Tarehe ya kuzaliwa haisimulii hali aliyoanza nayo maisha.

Ushahidi mashuhuri umetoka Gambia, nchi yenye msimu mmoja wa mvua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha watoto wa vijijini ambao mimba zao zilitungwa katika kilele cha mvua na wale wa kilele cha kiangazi. Ulionyesha kwamba lishe ya mama siku hizo za mwanzo huhusiana na alama za kikemikali zinazokaa juu ya vinasaba vya mtoto na kuongoza utendaji wake.

Kalenda ya Gambia si kalenda ya Bagamoyo, lakini funzo ni moja: msimu humgusa mtoto kwa yale unayomletea mama, yaani chakula, kazi na maradhi. Malaria ikiingia katika kondo la nyuma, mtoto huweza kuzaliwa na uzito chini ya kilo 2.5. Nao mrija unaojenga ubongo na uti wa mgongo hufunga wiki ya nne tangu mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito.

Dawa ya SP huanza kutolewa wiki ya 13. Kabla ya hapo, kinga ya mama ni chandarua chenye dawa kila usiku, na kupimwa mara anapohisi homa. Anayetarajia kushika mimba aanze asidi ya foliki mapema, miligramu 0.4 kwa siku, pamoja na kunde, mchicha, matembele na dagaa. Anapotumia SP, asipewe foliki ya miligramu 5, kwani hudhoofisha dawa hiyo.

Hakuna haja ya kuogopa kushika mimba masika. Mhudumu anayemuuliza mwanamke wa uzazi wa mpango, "Unatarajia mtoto lini?" humpa nafasi ya kujiandaa kabla mvua hazijaanza.