Ziwa Ngozi

Ziwa Ngozi (pia: Ngosi) ni ziwa la kasoko katika Mkoa wa Mbeya, kusini magharibi mwa Tanzania. Liko kwenye safu ya milima ya Poroto, kati ya mji wa Mbeya na mji wa Tukuyu. Linajulikana kama mahali pa safari ya siku moja ambayo vikundi hufanya kwa gari au baiskeli na kumalizia kwa miguu.

Jina

Jina halihusiani na neno la Kiswahili "ngozi". Kwa kawaida hufafanuliwa kuwa limetokana na lugha za wenyeji, kwa maana ya "kubwa". Majirani wa ziwa ni Wasafwa na Wanyakyusa, na kwa jadi ziwa huheshimiwa kama mahali penye nguvu za pekee. Waongozaji huwaonyesha wageni kwamba umbo lake linafanana na ramani ya Afrika.

Asili

Ngozi ni volkeno. Baada ya milipuko mikubwa kumwaga magma iliyokuwa chini ya mlima, kilele kilikosa cha kukishikilia kikaporomoka ndani. Shimo lililobaki huitwa kaldera, nalo lina upana wa takriban km 3. Mlipuko wa mwisho unakadiriwa kutokea katika karne ya 15, kwa hiyo kwa hesabu ya wanajiolojia mlima huu bado ni kijana.

Uso wa maji uko kwenye kimo cha takriban mita 2,060 juu ya UB, na sehemu ya juu kabisa ya ukingo hufikia mita 2,620. Kina cha ziwa kinazidi mita 70. Hakuna mto unaotoka ndani yake.

Maji na gesi

Maji ya Ngozi yana chumvi na gesi ya dioksidi kabonia inayopanda kutoka chini ya volkeno, hivyo hayafai kutegemewa kwa kunywa. Gesi hiyo ni ya kawaida katika eneo lote la Rungwe. Karibu na mlima Kyejo huvunwa kwa matumizi ya viwandani. Ni nzito kuliko hewa na haina rangi, hivyo hutuama katika mabonde madogo na inaweza kuua ndege na wanyama wadogo.

Hatari kubwa zaidi huja pale gesi inapolundikana katika kilindi cha ziwa ambalo maji yake ya juu na ya chini hayachanganyiki. Ndivyo ilivyokuwa katika Ziwa Nyos nchini Kamerun mwaka 1986, ambako watu wapatao 1,700 walikufa usiku mmoja. Kwa sababu hiyo wataalamu huyapima maji ya Ngozi.

Kufika ziwani

Wasafiri wa Dar es Salaam hufika Mbeya kwa barabara kuu ya TANZAM, zaidi ya km 800, au kwa reli ya TAZARA. Hulala Mbeya au Tukuyu, na safari ya ziwani huanza kesho yake alfajiri.

Njia ya kuingilia ziwani huachana na barabara ya lami ya Mbeya-Tukuyu karibu nusu ya safari. Miji yote miwili iko chini kuliko mgongo wa Poroto. Mwendesha baiskeli hupanda asubuhi, kutoka upande wowote, na huteremka jioni akiwa amechoka. Breki hukaguliwa kabla ya kuondoka, kwa kuwa barabara hiyo hutumiwa pia na malori yaendayo Malawi.

Baada ya lami hufuata kilomita kadhaa za udongo kati ya mashamba ya viazi mviringo. Penye ukingo wa msitu baiskeli huachwa kwa mlinzi. Kutoka hapo kikundi hupanda kwa miguu, mara nyingi saa moja hadi mbili, kati ya mianzi na migomba ya porini. Sehemu ya mwisho ni kali, na watu hushika mizizi kwa mikono. Ziwa huonekana ghafla, zaidi ya mita 200 chini. Wengi huishia ukingoni, kwani kuteremka hadi majini ni hatari.

Usalama wa kikundi

Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000 za kimo. Ukingoni kuna baridi inayoizidi ya Dar es Salaam kwa nyuzi 14 au zaidi. Anayetoka Kariakoo anaweza kupata sweta na viatu imara vya mitumba katika soko la Mchikichini kabla ya kusafiri.

Majira bora ni Juni hadi Oktoba. Nyakati za mvua njia huteleza na ukungu hufunika ziwa, hasa alasiri. Kikundi hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa, pamoja na mwongozaji wa kijijini. Saa ya kugeuka hupangwa kabla ya kuanza, kwa mfano saa nane mchana, nayo hufuatwa hata kama kilele hakijafikiwa. Msituni giza huingia mapema kuliko barabarani, na safari ya baiskeli huwa bado haijaisha.

Viumbe hai

Msitu huu ni hifadhi. Humo huishi kinyonga wa Poroto, ambaye dume lake lina pembe tatu na ambaye hupatikana tu katika milima ya eneo hili. Katika mlima jirani wa Rungwe huishi kipunji, nyani aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003.