Fahamu: Tiba shufaa na utulivu wa moyo

Mgonjwa akiambiwa saratani yake haitapona, je, kazi ya wahudumu imekwisha? Hapana. Hapo ndipo tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, inapohitajika zaidi, nayo haiishii kwenye dawa.

Mwaka 1967 Cicely Saunders, muuguzi aliyekuja kuwa daktari, alifungua St Christopher's Hospice jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya akili, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja. Katika Afrika Mashariki, Nairobi Hospice ilianza 1990. Hospice Africa Uganda ilifuata 1993, ikitumia mofini ya kunywa kutuliza maumivu. Dawa hutangulia kwa sababu: mtu anayegaagaa kwa maumivu atasali vipi, atasamehe vipi?

Maumivu yakipoa, mazungumzo huanza, nayo si mahubiri. Mhudumu huuliza: nini kinakukosesha usingizi? Huenda ni deni, au mtoto waliyenuniana naye miaka mingi. Padri, mchungaji au shehe huitwa mgonjwa akitaka, asiyetaka halazimishwi. Wengine huhitaji tu mtu wa kukaa nao kimya.

Ukienda kumjulia hali mgonjwa wiki hii, usikimbilie kusema "utapona". Keti, mshike mkono, msikilize.